Taarifa Iliyofungwa Mara Nne

Alhamisi ile saa nne asubuhi Khairiya alikuwa akijisifu kimoyomoyo, na hatumlaumu, maana watu hujisifu kwa mambo madogo zaidi. Mbele yake kwenye kompyuta palikuwa na jedwali la kuonyeshwa Jumatatu kwa watu wa mradi kutoka Unguja. Juu kabisa ilikaa namba moja kubwa: masaa kumi na moja. Huo ndio uliokuwa wastani wa muda tangu kituo cha afya kutuma taarifa ya hitilafu hadi taarifa ile kufungwa. Mwaka uliopita wastani ulikuwa siku sita. Kipimo hicho alikichagua yeye mwenyewe, akakitetea mbele ya wakubwa, akapigiwa makofi, na tangu hapo vijana wake katika ofisi ile ya ghorofa ya pili Chake Chake walikuwa wakifunga taarifa mbio mbio.

Kazi yao ilikuwa kuutunza mfumo wa kuandikisha watoto wenye sikoseli, wale wanaotakiwa wapewe dawa ya kinga kila mwezi. Mtoto akiwa hai kwenye mfumo, kifurushi chake hufungwa kikaandikwa jina lake na kupelekwa kituoni kwao. Asipokuwemo, hakuna kifurushi. Kituo chochote kikiona kasoro huandika taarifa, na taarifa huingia kwenye meza ya Khairiya ikiwa na namba yake.

Ndipo ikaingia moja kutoka kituo kimoja cha Makangale. Aliisoma, akarudi akaisoma tena.

“Msijisumbue tena na lile jambo la mtoto Rahila Ame Hamdan. Amefariki jana. Sasa mfumo wenu uko sawa.”

Chini yake palikuwa na jina la muuguzi aliyetuma, nalo lilikuwa jina la mumewe, Hafidh, aliyefanya kazi kule na kurudi nyumbani mwisho wa wiki.

Khairiya alilitafuta jina la mtoto yule, zikaja taarifa nne za nyuma. Ya mwezi wa tatu ilisema: “Mfumo unaonyesha mtoto huyu amefariki. Aliyefariki ni dada yake mkubwa. Huyu yuko hai.” Ilifungwa kwa masaa matatu na kijana wake, Fahd, ikaandikwa: jina limejirudia, limesafishwa. Ya mwezi wa nne: “Bado anaonekana amefariki. Naomba msaada, dawa yake haikuja.” Ilifungwa siku ile ile kwa maneno yale yale. Ya mwezi wa tano ilisema: “Mtoto yuko hai. Nimempima uzito leo mwenyewe.” Hiyo aliifunga Khairiya, na hata alipokaza macho kuitazama hakukumbuka kuwa aliisoma. Ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa saba: “Yuko hai. Amekaa mbele yangu anakula ubuyu, midomo yote myekundu. Nifanye nini ili muamini?” Fahd aliijaribu kwenye kompyuta yake, hakuona kosa lolote, akaifunga.

Kila moja ilipofungwa ilihesabiwa ushindi. Ile ile shida moja ilikuwa imewapa ushindi mara nne, na kila mara ilivuta wastani chini kidogo.

Kosa lenyewe alilijua pale pale, bila hata kufungua programu. Mfumo ulikuwa na sharti la kusafisha majina yanayojirudia: jina la mtoto, la baba, la babu, kijiji na simu ya mama vikifanana, basi huyo ni mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili, na kumbukumbu ya zamani ndiyo inayobaki. Tarehe ya kuzaliwa hawakuitia, kwa kuwa tarehe zinavyoandikwa vituoni kila mtu anazijua. Mafundi wote waliliona sharti hilo zuri. Lakini wote walikuwa Wapemba, tena wa majumbani mwao hasa, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto akifa, anayezaliwa baada yake huenda akapewa jina lake ili lisipotee nyumbani. Wazazi wa mtoto yule, Hija na mumewe Ame, walimzika Rahila wao wa kwanza, wakamwita wa pili Rahila. Mfumo ulipowakuta wawili ukawafanya mmoja, na ukamchagua maiti.

Bwana Zahran, mwenye kampuni, aliingia na kikombe chake cha chai. Khairiya alimwonyesha. Alisoma polepole, akaitaja Inna lillahi, akakiweka kikombe chini. Zahran hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wadogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba taarifa yenyewe inajieleza: aliyelalamika amesema mfumo uko sawa, hakuna cha kurekebisha, basi ifungwe, na hilo sharti wataliangalia baada ya Jumatatu mambo yakitulia. Fahd alikuwa amesikia kutoka mezani kwake. Bila ubaya wowote, kwa mazoea tu, alisema ikifungwa kabla ya adhuhuri itashusha wastani.

Khairiya alichukua mkoba wake, akaiacha taarifa wazi, akashuka ngazi.

Nyumbani kwao Tibirinzi alimkuta mkwewe, Bi Khairat, uani akichambua choroko. Njiani alikuwa amempigia Hafidh mara saba na simu haikupokelewa. Aliamkia, akaitikiwa, akasimama pale asijue aanze wapi. Bi Khairat hakuinua macho.

“Hafidh kanipigia jana,” alisema. “Kamzika yule mtoto na jamaa. Kesho baada ya sala ya Ijumaa atakuja.”

Kwa hiyo mama aliambiwa, mke hakuambiwa. Khairiya alilisikia hilo kifuani, lakini hakuwa na pa kulilalamikia. Alikaa kwenye kibao akaeleza yote, la sharti na la majina, akijitahidi kulisema kwa maneno ya nyumbani. Bi Khairat alisikiliza hadi mwisho, akitupa mawe madogo pembeni.

“Na weye jina lako la nani?” aliuliza.

“La shangazi. Alokufa kabla sijazaliwa.”

“Nani kwa babako?”

“Si nnduguye.”

“Basi sina la zaidi,” alisema Bi Khairat, akarudi kwenye choroko zake.

Siku ile Khairiya aliingia chumbani akatoka mara nyingi bila kuwa na haja ya kitu. Kila alipokaa aliona midomo myekundu ya ubuyu. Yeye hakuwahi kumwona mtoto yule, hakujua mrefu au mfupi, lakini midomo aliiona waziwazi, na ilimjia hata alipokuwa akisali, akapotewa na rakaa akaanza upya. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kazi.

Hafidh alifika Ijumaa alasiri, na mkoba wake wa nguo za wiki. Alimwamkia mama yake, akaoga, akala wali wake bila kusema chakula kizuri wala kibaya. Khairiya alikaa mkabala naye. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa na hawakuwahi kuogopana hivyo.

“Kwa nini hukunipigia mie?” aliuliza hatimaye. “Mie n'mkeo. Ningelitoka kitandani nikakutengenezea.”

“Nlikupigia,” Hafidh alisema. “Mwezi wa tatu, siku ya mwanzo. Hukumbuki?”

Alikumbuka alipokuwa bado anatikisa kichwa. Alikuwa jikoni anapika, simu kaibana begani. Alimkatiza kabla hajafika kwenye jina la mtoto. Alicheka, akamwambia apitie mfumo kama watu wengine, kwani mume wa mkubwa akianza kupitia mlango wa nyuma na wengine watataka, na taarifa zisizoandikwa haziingii kwenye hesabu. Alijiona mwadilifu mno siku ile. Hafidh naye alimsifu.

“Nkapitia mfumo,” alisema Hafidh. “Kila nikipitia, naletewa ujumbe: taarifa yako imefungwa, ahsante kwa ushirikiano.”

“Nsamehe.”

“Ngoja, sijamaliza. Wa nne na wa tano nlimkatia dawa kwenye vifurushi vya wenziwe. Wa sita nkaogopa. Dawa zinahesabiwa kwa majina, Khairiya. Yuko mwenzetu kasimamishwa kazi kwa kuwapa dawa watu wasiokuwemo. Nkasema, nikimwandikia dawa maiti, mie n'mwizi. Nkamwambia mamake ampeleke mjini.” Aliitazama sahani. “Kwa hivyo usinambie mie nikusamehe. Mie nlikuwa namwona kwa macho.”

Bi Khairat alikuwa mlangoni. Alisema kesho ni hitma, na kwamba wataondoka mapema wote watatu. Hakumuuliza Khairiya kama anataka kwenda.

Nyumba ya Ame na Hija ilikuwa upande wa msitu wa Ngezi, na mpaka wanafika jua lilikuwa limeshapanda. Wanaume walikaa barazani na juzuu zao. Ndani wanawake walijaa vyumba viwili, na Khairiya alisukumwa na wingi wa watu hadi akajikuta karibu kabisa na mfiwa. Hija alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wake, amejifunga kanga hadi kichwani. Khairiya alitambulishwa kwake kuwa ni mke wa daktari Hafidh, maana kule kila mwenye koti jeupe ni daktari. Hija alimshika mkono akamshukuru kwa kuja. Hafidh alihangaika sana na mwanangu, alisema, Mungu atamlipa. Khairiya alitamani ardhi ipasuke.

Baada ya kisomo, wanawake walipoanza kupakua, Hija alibaki pale pale mkekani. Alianza kuzungumza taratibu, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyoanza zamani.

“Nlimpeleka mjini, kana alivyonambia. Kwenye dirisha la dawa yule mwanamke akatazama kompyuta, akanitazama mie, akasema huyu kafa. Namwambia huyu hapa nnaye. Akasema hiyo kadi ya maiti, nnaitumia kuchukulia dawa za kuuza. Watu nyuma wanasikia. Nikatoka.” Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. “Nkikwambia jambo utaniona mwendawazimu?”

“Sikuoni.”

“Toka siku ile nikawa namwogopa. Mwanangu mwenyewe. Akilala namwekea mkono puani. Akicheza namtazama kivuli kana anacho. Nkajiambia, ile mashine imesomeshwa, inajua jambo. Akanambia mama mbona wanitazama hivyo, nkamwambia sina kitu.” Alimgeukia akamshika mkono. “Weye msomi, nambie. Mashine ilijuaje mbele? Nani kaiambia?”

Hapo Khairiya angeweza kunyamaza. Hakuna mle ndani aliyemjua zaidi ya jina la mumewe, Hafidh asingemtaja, na Bi Khairat alikuwa kwenye masufuria. Angeweza kusema ni kadari, na Hija angeitikia, na kwa kweli ni kadari.

“Haikujua,” alisema. “Haijui kitu. Ilimchanganya na dadake kwa sababu ya jina, na sie ndio tulioiandika hivyo. Ile kazi ya kompyuta ni yangu mie. Hafidh katwambia mara nne, na mara nne tukasema yamekwisha. Moja nlisema mie kwa mkono wangu.”

Sauti za masinia zilisikika ukumbini. Mwanamke aliyekaa jirani aligeuka akamtazama Khairiya, kisha akainuka akahamia ng'ambo. Hija hakuuondoa mkono wake, pengine aliusahau tu.

“Yamekwisha,” alirejea Hija. “Mie nlikuwa hapa hapa. Simu yangu mmeiandika huko, Hafidh kaniandika mbele yangu kuwa mie ndie mlalamikaji. Mbona hakuniuliza mtu?”

Hija hakungoja jibu. Aliinuka akaenda kusaidia kupakua msibani kwake mwenyewe, na hakurudi kukaa.

Wakirudi, karibu na mjini, Bi Khairat alitoa kauli, akimtazama mkwewe kwa jicho ambalo halikuwa kali wala laini, kwamba angalau hakumwacha Hija aende kaburini akiamini kwamba mashine ile ina ilimu. Hafidh alilia, akiwa ameangalia dirishani.

Jumapili Khairiya alifungua ofisi peke yake, na baadaye Fahd akaja bila kuitwa. Kwanza waliliondoa lile sharti, kisha wakatafuta watoto wote waliounganishwa na majina ya marehemu. Mbali na Rahila, walikuwa kumi na tisa. Fahd alikuwa akisoma majina kwa sauti na katikati akashindwa, akaenda kunawa uso. Mchana ule walivipigia vituo vyote, na hadi magharibi majina kumi na tisa yalikuwa yamerudi miongoni mwa walio hai na vifurushi vyao vimeandikwa.

Halafu wakachukua taarifa arobaini zilizofungwa mwaka ule, bila kuchagua, wakawapigia waliozileta. Waliuliza swali moja tu: shida yako ilikwisha? Kumi na watatu walisema ndiyo. Kumi na sita walikuwa wameileta tena ile ile kwa namba mpya. Kumi na mmoja walikuwa wameshakata tamaa na kurudia daftari la karatasi. Mmoja wao, muuguzi wa Vitongoji, alicheka sana aliposikia anaulizwa. Kwenye fomu sehemu ya jina na simu ya mlalamikaji ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna kipimo chao hata kimoja kilichowahi kuitazama.

Jumatatu Zahran aliliona jedwali jipya dakika chache kabla ya wageni kuingia, akabadilika rangi. Namba ya masaa kumi na moja haikuwemo. Alimwambia Khairiya kwa upole wa mtu aliyeshika pumzi kwamba anawaua wote, na vijana wale wana familia. Khairiya alimjibu kuwa anajua. Alisimama akawaeleza wageni habari ya Rahila na ya zile simu arobaini. Tangu leo, alisema, taarifa haitafungwa na fundi, itafungwa na aliyeileta, na hadi atakapojibu ataulizwa kila wiki kwa ujumbe wa simu. Watakachopima ni wangapi wamesema yamekwisha na wangapi wamelazimika kurudi na shida ile ile, na mbele ya yote, ile iliyokaa wazi muda mrefu kuliko zote ina siku ngapi.

Mama mmoja wa mradi aliyekuwa akiandika alivua miwani.

“Kwa hiyo mwaka mzima mlikuwa mkituonyesha nini?”

“Tulikuwa tukikuonyesheni tunavyofunga haraka,” Khairiya alisema. “Yule mtoto niliyekutajieni, tulimfunga haraka kuliko wote.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mkataba waliongezewa miezi sita badala ya miaka miwili, kwa masharti. Fahd alibaki, wenzake wawili waliondoka wakatafute kazi kwengine, na Zahran kwa muda mrefu alimsalimia Khairiya kama mtu anayesalimia jirani waliyegombania naye mpaka. Kazi ikawa ya polepole na yenye aibu, maana kila wiki watu walijibu hapana, na hapana ilibidi irudiwe hadi igeuke. Nyingi ziligeuka. Mwezi wa kumi na mbili, kati ya kila taarifa kumi, nane zilikuwa zimefungwa na wenyewe.

Moja haikufungwa, ile ya Makangale iliyotangaza kifo cha Rahila. Kwa kuwa mlalamikaji wake alikuwa Hija, mfumo ulimtumia Hija ujumbe kila Alhamisi kama unavyowatumia wote: “Je, tatizo lako limekwisha? Jibu NDIYO au HAPANA.” Khairiya hakulifikiria hilo alipokuwa akiandika utaratibu mpya, akaligundua wiki ya tatu alipoliona jibu. Hija alijibu hapana. Wiki iliyofuata akajibu hapana. Juu ya jedwali, penye namba ya taarifa ya zamani kuliko zote, siku ziliendelea kupanda, sabini, mia, mia na ishirini, na kila mgeni aliyekuja aliuliza ile ni nini.

Zahran aliomba iondolewe. Alisema kwa haki kabisa kwamba inaharibu kipimo, kwamba hakuna fundi duniani wa kuitengeneza, na kwamba zaidi ya yote ni ukatili kumuuliza mama mfiwa swali lile kila wiki. Hilo la mwisho lilimwingia Khairiya. Kuuzima ujumbe ule ilikuwa kazi ya mstari mmoja, na alishauandika, kidole kikawa juu ya kitufe. Akakumbuka kuwa hapa tena anataka kuamua jambo la Hija bila Hija. Alimpigia Hafidh, naye siku hizi hupokea kwenye mlio wa kwanza, akamwomba aende nyumbani kwa yule mama akamuulize.

Hafidh alirudi Ijumaa. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

“Nimemuuliza,” alisema. “Kasema msiuzime. Kasema jamaa wamekwishanyamaza, Ame hataki jina litajwe nyumbani, majirani wakimwona wanazungumza habari za mvua. Kasema ule ujumbe ndio pekee unaomuuliza habari za mwanawe.”

Khairiya aliufuta ule mstari. Alhamisi saa nne asubuhi ujumbe ulikwenda, na kabla ya saa tano jibu likaja: HAPANA.